Je, jani la mgomba ni kifungashio?

Mwalimu mmoja wa Kiswahili wa Masaka, Uganda, ameniandikia hivi: "Wanafunzi wangu wanaandika insha kuhusu namna wazee wetu walivyobeba na kutunza chakula kabla ya plastiki kuenea. Karibu wote wameandika 'vifungashio vya zamani', wakimaanisha jani la luwombo (chakula cha Kiganda kinachopikwa ndani ya jani la mgomba), kibuyu cha pombe na hata vikapu. Je, ni sahihi? Na neno kavera, yaani mfuko wa plastiki, niwaruhusu?"

Mwalimu, wanafunzi wako wamelitwika neno moja mzigo wa maneno mengi. Kifungashio limetoka katika kitenzi fungasha, kama kifagio kilivyotoka katika fagia. Kufungasha ni kukusanya vitu na kuvifunga kwa ajili ya safari. Ndiyo maana mtu anayehama husemwa amefungasha virago. Siku hizi neno hilo limekaa zaidi sokoni na viwandani. Kifungashio hufikisha bidhaa kwa mnunuzi, na kikishafunguliwa kazi yake imekwisha. Kwa kipimo hicho, ganda kavu la mgomba lililofungiwa buni za kutafuna ni kifungashio kamili.

Kibuyu sicho. Kibuyu ni chombo: huoshwa, hujazwa tena, hutunzwa miaka. Ndivyo kilivyo pia kile chombo cha mti cha maziwa cha Ankole, magharibi mwa Uganda, kiitwacho ekyanzi, chenye kifuniko cha kusukwa, ambacho hufukizwa moshi ili maziwa yapate harufu nzuri. Kukiita kifungashio ni kukivua heshima yake.

Wafundishe kusikiliza vitenzi. Maziwa na pombe hutiwa, ndizi hupangwa kikapuni, jani hufungwa. Kwenye luwombo, jani la mgomba hupitishwa motoni kidogo lilegee lisipasuke, nyama na mchuzi wa karanga hutiwa katikati, kingo hukusanywa juu na kukazwa kwa kamba ya mgomba, kisha fungu zima hupikwa kwa mvuke. Hapo jani limekuwa chungu, na mezani litakuwa sahani. Mimi ningeandika tu "nyama iliyofungwa na kupikwa katika jani la mgomba". Sentensi hiyo haihitaji nomino ya kiwandani.

Kuhusu vikapu, kuna mtego mwingine. Mwanafunzi aliyesoma methali "Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi" atapenda kuita kila kikapu cha kale pakacha. Pakacha husukwa kwa makuti ya mnazi. Ni neno la pwani na kitu cha pwani. Kikapu cha Buganda kisukwacho kwa mgomba kiitwe kikapu, au kwa jina lake la Kiganda, ekibbo, likifuatwa na maelezo mafupi.

Sasa kavera. Neno hili nalipenda kwa historia yake. Limetoka kwa Kiingereza, cover, likaingia Kiganda kama kaveera. Masikio ya Waganda yakasikia ka- ya mwanzo kama kiambishi cha ngeli yao ya vitu vidogo, wakaunda wingi: buveera. Waswahili tulifanya vivyo hivyo na kitabu cha Waarabu: ki- ile ilikuwa sehemu ya shina, sisi tukaifanya kiambishi, tukapata vitabu. Kwa hiyo kavera si uchafu wa lugha.

Hata hivyo, kwenye maelezo ya insha waandike mfuko wa plastiki, kwa sababu msomaji wa Tanga au Lamu huenda asiijue kavera. Kwenye mazungumzo ya muuza nyanya wa sokoni Masaka, kavera ibaki, maana ndivyo asemavyo. Wingi wake katika Kiswahili usichukue bu- ya Kiganda: andika "kavera hizi", kama tusemavyo "chupa hizi".