Makaratasi kwanza, tiketi baadaye
Umeuliza kama usafiri kwanza ukamwone mtoto wa miaka 9 wa nchi nyingine unayetaka kumuasili (kumchukua kisheria awe mwanao) kwenye kituo cha watoto, ndipo uanze makaratasi. Tafadhali usifanye hivyo. Kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1993, unaohusu kuasili watoto kutoka nchi nyingine, kwa kawaida hamruhusiwi kuwasiliana na walezi wa mtoto kabla masharti ya awali hayajatimia, na ukikiuka maombi yanaweza kukwama. Anza na mamlaka ya kuasili ya nchi unakoishi: ripoti ya ustawi wa jamii kuhusu wewe na nyumba yako, kisha faili lipelekwe nchi ya mtoto. Vyeti vya polisi na vya daktari huisha muda faili likiwa bado njiani, kwa hiyo fuatilia tarehe.

Mtoto wa umri huo lazima asikilizwe mwenyewe. Uliza mapema kama ana ndugu zake pale.

Ukifika, piga picha ya kitanda chake, mlezi wake na rafiki zake. Omba shuka aliyozoea na usiifue, harufu yake humtuliza usiku. Mkiwa nyumbani ukikuta ameficha mkate chini ya mto wa kulalia, usimkemee; mwekee chakula mahali anapofikia mwenyewe.