Maveterani wa makasia: mmeuliza, najibu

Tangu nigusie hapa kwamba kuna kundi letu la watu wazima, wengi wetu wastaafu, tunaotoka na mtumbwi Jumamosi asubuhi kwenye ghuba ya Mwanza bila nyavu wala ndoano, simu yangu haipumziki. Wapo wanaocheka: mtu unapigaje kasia kama huendi kuvua wala kuvuka? Wapo wanaotaka kujiunga. Nimeokota maswali yanayojirudia.

Nina miaka 63, nimestaafu ualimu. Mikono yangu imezoea chaki. Nitaweza kweli? (Mstaafu, Buswelu)

Shikamoo mwalimu. Utaweza. Kwenye mchezo rasmi wa makasia, shirikisho la dunia, World Rowing, linamhesabu mtu kuwa veterani kuanzia miaka 27. Hapa kwetu kijana wa miaka 27 bado anaulizwa ataoa lini! Kutoka hapo madaraja yanapanda kwa wastani wa umri wa wapigaji wote chomboni: lipo la 50, la 55, la 60, la 65, na bado yanaendelea. Mbio zao ni mita 1,000, nusu ya zile 2,000 walizozizoea vijana wao. Kwa hiyo umri wako una daraja lake kabisa, na wewe hata mbio huendi.

Kuhusu mikono, wengi wanakosea hapo hapo. Anayevuta kwa mikono mitupu anachoka kabla hatujaupita mwamba wa kwanza. Kaa wima, kanyaga mbao iliyo mbele yako kwa miguu yote miwili, zungusha kiwiliwili, peleka kasia mbele kadiri bega linavyofika. Lizamishe jani lote, ule ubapa wa kasia, ndipo uvute, na ukifika usawa wa nyonga litoe. Ukiendelea kuvuta nyuma ya hapo unanyanyua maji tu, na aliye nyuma yako analowa. Mkono wa juu usukume, wa chini uongoze. Na usilikabe kasia: lishike kama unavyoshika mkono wa mgeni uliyefurahi kumwona. Wanaolikaba ndio wanaorudi na malengelenge chini ya vidole, kisha Jumamosi inayofuata hawaonekani.

Macho yako yasiwe kwenye kasia lako. Yawe kwenye bega la aliye mbele yako. Bega lake likishuka, na lako lishuke. Makasia yakiingia majini kwa mlio mmoja, mtumbwi unateleza, na hapo hata mwenye magoti mabovu anajiona kijana. Yakiingia moja moja, mnapigana na maji na maji hayajui kuchoka.

Sijui kuogelea. Nije au nibaki nyumbani? (Mama wa Ilemela)

Njoo, mama, lakini huingii mtumbwini bila jaketi okozi, na hilo haliwahusu wasiojua kuogelea peke yao. Anayejua kuogelea naye anavaa. Jaketi lifungwe kamba zote, likukae mwilini. Ukivutwa mabegani likipanda hadi masikioni, hilo si lako, tafuta dogo zaidi. Lile linalowekwa chini ya makalio kama mto wa kukalia halijamwokoa mtu. Kanga na dera acha ufukweni, vaa suruali nyepesi au traki.

Mke wangu hataki kusikia habari ya ziwa. Alipoteza kaka yake kwenye MV Bukoba. Nimwambieje? (Msomaji, Igoma)

Usimwambie kwamba hofu yake haina maana. Ina maana. Meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na wewe unayeishi Igoma unajua makaburi ya waliokufa yapo wapi. Kisha tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa karibu na kufunga gati kisiwani Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi.

Mwonyeshe mnavyofanya. Aje mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, awaone mkipanda: mtumbwi wa watu kumi, sisi tunakaa saba. Mzigo hakuna, mtoto hakuna, na kuna mtu anayebaki nchi kavu na simu, mwenye orodha ya walioingia, anayejua tumeelekea wapi na tutarudi saa ngapi. Ghuba hatuivuki. Tunaambaa na ufuko, mahali ambapo hata mtumbwi ukipinduka miamba ipo karibu. Akiona hayo na bado akakataa, mwanangu, mheshimu. Unaweza kuwa wewe ndiye unayebaki nchi kavu na orodha. Kazi hiyo ina heshima yake na ina chai.

Kwa nini mnatoka alfajiri? Wastaafu si wana siku nzima? (Kijana wa Kirumba)

Siku nzima tunayo sisi. Ziwa halina.

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na karibu na ufuko maji yanakaa yametulia. Jua likishapanda, nchi kavu inapata joto haraka, hewa inageuka, upepo unaanza kutoka ziwani kuja kwetu, na kadiri mchana unavyosonga ndivyo mawimbi yanavyokua. Sisi saa kumi na mbili na nusu makasia yako mkononi, na saa tatu mtumbwi uko mchangani. Saa tano, wakati wewe unaamka, ziwa lile lile limeshabadilika sura.

Ila alfajiri nayo isikudanganye. Mvua za radi za ziwa hili hupenda usiku na kuelekea asubuhi. Ukiona wingu jeusi limesimama upande wa maji, hutoki, hata kama mmekusanyika wote na chai imeshachemka. Ngurumo ikikukuta majini unarudi, na ukisharudi unasubiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi inakaza, na kuna Jumamosi tunaishia kunywa chai na kusemana. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutaja Ziwa Victoria, upepo na mawimbi yake. Mimi huusikiliza Ijumaa jioni. Kisha asubuhi namuuliza mvuvi aliyetoka majini muda ule ule, kwa sababu yeye ndiye aliyelowa.

Mtumbwi mnaupata wapi? Tukichanga wanne tununue wetu? (Wastaafu wanne, Nyegezi)

Msikimbilie kununua. Mtumbwi wa mbao unataka kuzibwa nyufa, kupakwa lami, kulindwa usiku, na mkiwa wanne kila mmoja atadhani mwenzake ameshughulikia. Anzeni kwa kukodi kwa wavuvi, na hapa nawapa siri ya mwaloni: fuateni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, wavuvi wa dagaa wanapumzika, mitumbwi imelala ufukweni na mwenye nayo anatengeneza nyavu. Siku hizo mtapata chombo kizuri kwa maelewano. Usiku wa giza msitegemee, labda kile kinachovuja.

Pitieni kwanza kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo huo, msalimie, mjulikane. “Mwangaluka” moja, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, inafungua mengi. Wao ndio watawaambia pia upande upi una kiboko na upi amewahi kuonekana mamba; msibishane nao. Mtumbwi wa dagaa unanuka dagaa, hilo halina dawa, beba gunia la kukalia. Na mkianza kutoza watu nauli, hiyo tena si starehe ya wastaafu, ni chombo cha abiria, na TASAC, wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, watataka kuwaona.

Naogopa kichocho. (Muuguzi mstaafu, Pasiansi)

Wewe unajua kuliko mimi, lakini wengine wasome. Kichocho kipo kweli kwenye fukwe zetu, hasa kile cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi yenye matete na majani, vikapenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Katikati ya ghuba hatari ni ndogo. Hatari iko pale mnaposukuma mtumbwi mkiwa mmezama hadi magotini kwenye majani. Kwa hiyo sisi tunapandia penye mawe au kwenye gati, na msukumaji anavaa mabuti marefu ya mpira. Aliyelowa akapime, lakini si kesho yake, kwani huchukua wiki kadhaa mayai kuonekana kwenye choo. Dawa ipo, praziquantel, na inafanya kazi. Mzee mmoja kwetu alidai kujifuta kwa taulo kunatosha. Hakutoshi.

Nina presha na natumia vidonge. (Msomaji, Nyamanoro)

Mwone daktari wako kwanza, umwambie ni kasia la polepole kwa saa moja na nusu, si mbio. Akikubali, usibane pumzi unapovuta: toa pumzi kasia likiwa majini. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Jumamosi yetu inakupa zaidi ya nusu, zilizobaki tembea. Kofia, na maji ya kunywa.

Na haja ndogo? Mimi kila nusu saa. (Hakutaja anakotoka)

Uko na wenzako. Tunasimama penye miamba. Usisimame mtumbwini, hata ukibanwa vipi.

Mpwa wangu yuko London, yupo kwenye klabu ya maveterani kwenye mto Thames. Anasema ninyi mnacheza. (Mjomba mtu, Capri Point)

Mwambie ni kweli tunacheza, ndiyo maana tunakwenda. Wao wana vyombo vyembamba sana, viti vinavyoteleza kwenye reli, makasia marefu yaliyofungwa ubavuni, na mpigaji anakaa amegeuzia mgongo anakokwenda. Kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na miguu, na kwenye chombo cha watu nane kuna wa tisa asiyepiga kitu, anashika usukani na kupiga kelele. Chombo kile ukikileta kwenye wimbi letu la saa sita kitajaa maji. Thames hapo mjini hupanda na kushuka na bahari mara mbili kwa siku, hivyo mpwa wako anapanga safari yake kwa maji kujaa na kupwa. Sisi tunaipanga kwa upepo. Mto wa mjini tunao, Mirongo, unapita katikati ya Mwanza hadi ziwani, lakini anayetaka kupiga kasia Mirongo aanze kwa kuzoa takataka.

Tunaye mmoja kwenye kundi letu, kila wiki anataka kushindana. Anavuta haraka, anagombeza wengine, akina mama wameanza kukacha. Tumfukuze? (Kundi la Igombe)

Huyu yupo kila mahali. Mara nyingi ni mtu aliyewahi kuona mashindano ya mitumbwi ya Balimi, yale yaliyodhaminiwa na bia ya jina hilo, akarudi na moto. Vijana wale, wanaume na wanawake, walikuwa wakifanya mazoezi ya kweli, na aliyeshinda alistahili zawadi yake. Sisi zawadi yetu ni sato na ugali saa nne.

Msimfukuze, mhamisheni kiti. Akikaa mbele, wote mnalazimika kufuata mwendo wake, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Mbele mwekeni mama yule mtulivu kuliko wote, asiyebadilisha mwendo hata akitaniwa. Jamaa akae nyuma yake, alitazame bega lake na kulifuata. Mpeni kipindi. Akizidi kukimbia, mnyang'anyeni kasia kwa upole mumpe kopo la kutolea maji. Mtumbwi wa kukodi hauishi kuvuja.