Kwa unayeandika na kufuta: mi nilikaa hivyohivyo miaka 14

Mdogo wangu, swali lako nililisoma jana usiku nimeshafunga ofisi, nikalala nalo nikaamka nalo. Unasema stori ya baba yako umeianza tangu mwezi wa tatu, kila ukimaliza aya unairudia, unaiona ya kitoto, unafuta, na mpaka leo umebakiwa na sentensi mbili tu. Alafu kuna mdau hapo juu kakujibu kwamba kama hujiamini basi huna kipaji, achana nayo. Naomba sana usimsikilize. Na yule mwingine aliyekwambia "we andika tu usijali" nia yake nzuri lakini na yeye hajakusaidia, maana ingekuwa kutojali kunakuja kwa kuambiwa ungekuwa umeshamaliza kitabu.

Mi ni fundi cherehani, niko Tanga, Ngamiani. Naandika habari za mama yangu na mashairi kidogo. Sasa hivi naandika karibu kila siku, ila nilitoka mbali.

Mwaka 2002 nikiwa kidato cha pili tulipewa insha, siku ambayo sitaisahau. Niliandika siku tuliyohama nyumba, vyombo kwenye mkokoteni, mama kabeba taa ya chemli mkononi mchana kweupe kwa sababu hakumwamini mtu kumbebea ile chimni. Niliandika kama tunavyoongea nyumbani. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, akaiga sauti yangu, kila neno la kwetu anasimama anawaangalia wenzangu, darasa zima likacheka mpaka kengele. Akanirudishia daftari akasema hiki ni Kiswahili cha vibarazani sio cha kuandikia. Na nisimwonee, makosa mengine aliyoyapigia mstari yalikuwa makosa kweli. Lakini mi sikuondoka na makosa, niliondoka na ile sauti yake. Toka siku hiyo kila nikishika peni kabla sijafika kwenye nukta naisikia inanisomea sentensi yangu kwa kuniigiza. Miaka 14 sikuandika kitu zaidi ya majina ya wateja na barua ya kuomba mkopo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo ningependa ulifanye, kaa chini umsikilize vizuri huyo anayekwambia "ya kitoto". Ana sauti ya nani? Usikimbilie kusema ni yako. Mara nyingi ni mtu kabisa, ana jina, ana siku aliyoyasema hayo maneno na mahali ulipokuwa umesimama. Mi nilipomtambua wangu nilipata nafuu kubwa sana kwa sababu muda wote huo nilidhani najichukia mwenyewe, kumbe nilikuwa nabeba mzigo wa mtu ambaye hata jina langu bila shaka ameshalisahau.

Mama alifariki 2016. Baada ya arobaini nikasema watoto wangu bado wadogo hawatamkumbuka bibi yao, lazima niandike. Nikanunua kaunta buku la kava gumu, zuri, na peni mpya. Nikaandika "Mama yangu alikuwa mwanamke" nikakwama. Nikachana. Nikaanza tena, nikachana. Ndani ya mwezi lile kaunta buku likawa jembamba na sijaandika kitu.

Alafu siku moja umeme ukakatika nina nguo ya watu kwenye mashine (ya kwangu ina mota), nimekaa tu nasubiri, daftari la vipimo liko mapajani. Ukurasa ulikuwa wa mteja mmoja, kifua 38, kiuno 32, hipsi 44, urefu 56. Chini yake palikuwa na nafasi. Nikaandika: mama hela yake alifunga kwenye pindo la kanga, na lile fundo alilifungua kwa meno, hata mwisho alipobakiwa na meno mawili bado alikataa mtu asimfungulie. Nikaendelea. Umeme uliporudi nilikuwa nimejaza kurasa tatu, nyuma za vipimo vya watu, pembeni, popote palipokuwa peupe.

Nimelifikiria sana lile tukio. Nadhani daftari la vipimo halikunidai kitu. Kaunta buku la kava gumu lilikuwa linadai kitabu, nikilifungua tu na yule mwalimu anaamka. Daftari la vipimo lina madoa ya mafuta ya mashine na namba za simu za watu, hakuna anayetegemea kitu humo, kwa hiyo hata hakimu haingii.

Baadaye nikawa namfikiria Edward Saidi Tingatinga, yule mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar mwaka 1968. Hakuwa na shule ya uchoraji, hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya hardbodi, zile mbao nyembamba za kupigia dari, akavipaka rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akachora chui na ndege, zikauzwa nje ya duka pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki 1972, yani alichora kama miaka minne tu, na mpaka leo uchoraji wa namna ile unaitwa kwa jina lake. Alichokuwa anawaza moyoni mi siwezi kujua. Ila nikiangalia vile vifaa naona kitu ninachokifahamu, mtu aliyeshika kipande cha dari mkononi haogopi kukiharibu. Kwa hiyo we tafuta hardbodi yako. Nyuma ya risiti, daftari la mtoto lililobaki kurasa za mwisho, popote pasipokuogopesha. Na nakushauri uiweke simu pembeni kwanza, kwenye simu kufuta ni rahisi mno, kidole kinafuta kabla akili haijaamua. Peni ukikata neno bado linaonekana chini ya mstari, na mara nyingi kesho yake unakuta ulilolikata ndo lilikuwa zuri.

Nikueleze kwa kazi yangu maana ndo ninayoijua zaidi. Gauni la kitambaa kinachoteleza huwezi kulishona moja kwa moja, unapiga bandi kwanza. Bandi ni mishono mirefu mirefu ya mkono, uzi wa rangi yoyote, mara nyingi wa rangi tofauti kabisa ili uuone vizuri wakati wa kuutoa. Hakuna fundi anayeitazama bandi akasema mishono hii mibaya. Ni mibaya ndiyo, kazi yake ni kushika vipande vikae pamoja mteja ajaribu, ndo ujue pa kubana na pa kuachia. Ukishapita na mashine, bandi unaichomoa. Sasa mwangalie fundi anayefumua kila anaposhona. Satini ukiifumua mara ya kwanza inavumilia, mara ya pili unaanza kuona vitundu vya sindano, mara ya tatu vile vitundu havifutiki hata upige pasi vipi, na kitambaa chenyewe kinakuwa kimelegea hakishiki tena umbo. Nilipoanza kazi niliharibu gauni la bibi harusi hivyohivyo, na halikuharibiwa na mshono mbaya, ni kufumua ndo kuliliharibu. Aya yako ya kwanza uliyoifuta tangu mwezi wa tatu naiona ni satini ile. Hata wewe mwenyewe naamini hukumbuki tena ulitaka kusema nini mwanzo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtunzi, mtu wa Pangani, mashairi yake akituma gazetini. Nilikua namwona anavyotunga. Haanzi na maneno. Anaanza kughuni, mmmh mmmh, kidole gumba kinapita kwenye pingili za vidole anahesabu mizani, nane kwa nane. Neno likikosekana haachi kutembea, anaweka "nini". Kweli kabisa, anaimba "nalikuja nini nini, nikakuta nini langu", beti nne tano zimejaa nini, anacheka, anakunywa kahawa yake, jioni anazirudia anazijaza moja moja. Na yule mzee kwenye vina na mizani alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyepata kumwona, mshororo ukizidi silabi moja halali. Lakini ukali wake una saa yake, jioni. Asubuhi ni kughuni tu. Siku hizi na mi naandika hivyo, nikikosa neno naandika nini na naendelea, kuna kurasa zina nini kumi na kitu na hazinisumbui tena.

Ndo maana sikubaliani na wanaosema uache kabisa kujihukumu. Kazi mbaya ipo na inabidi uione. Ila angalia unachohukumu. Nikisoma jioni nikasema "sentensi hii imelegea, hili neno nimelirudia mara tatu", hapo nina kitu cha kufanya, nakaza, nabadilisha. Nikisema "mi sijui kuandika" hapo hakuna cha kufanya, hakuna pa kushika, nafunga daftari. Siku hizi nikisikia ya namna ya pili najua ni yule mwalimu, namwambia kwa sauti kabisa, njoo Ijumaa. Kwa sababu nimejiwekea kwamba niliyoandika wiki nzima siyasomi mpaka Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Naandika alfajiri baada ya swala, dakika kama 20, watoto hawajaamka, nafunika. Mwanzoni vidole vilikuwa vinawasha kutaka kufungua nisome, ilichukua kama miezi miwili hiyo hamu kupungua, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza.

Na kingine nimejifunza kwa Mwana Kupona, yule mama wa Siyu, kisiwa cha Pate kule Lamu, aliyetunga utenzi mwaka 1858. Alikuwa mgonjwa, mwenyewe anasema maradhi yamemshika mpaka yametimia mwaka, akamwita binti yake asogee akae na wino na karatasi kwa sababu kuna jambo moyoni anataka kumwambia. Fomu ni ngumu ile, mizani nane kila kipande, vipande vitatu vya kwanza vya kila ubeti vinaishia kwa sauti moja, na cha nne kinaishia kwa sauti ile ile inayotembea mwanzo mpaka mwisho wa utenzi, na ni beti 102. Lakini anayeambiwa ni mtu mmoja tu, mwanawe. Niliposoma hivyo nikajaribu. Nikaacha "Mama yangu alikuwa mwanamke", nikaandika "Mwanangu, bibi yako alikuwa na kikaango cha vitumbua chenye mashimo saba, la saba limetoboka, sasa ngoja nikwambie alilizibaje". Ilikuja yenyewe. Unapoliandikia jukwaa zima lazima uogope, watu elfu wamekutolea macho. Unapomwandikia mwanao unawaza tu kama ameelewa lile shimo lilizibwaje.

Mwaka jana karibu na Idi mteja mmoja alikuja kuchukua nguo, mimi nahangaika na vifungo, akachukua lile daftari la vipimo atafute ukurasa wake alinganishe kiuno. Nikamwona ametulia. Moyo ulinienda mbio, nikataka kumnyang'anya. Akafungua ukurasa wa pili, wa tatu, alafu akauliza, "Fundi, na huyu mama alivyodondosha hela kwenye kivuko, alizipata?" Nikamwambia bado sijaandika. Akasema nikija kuchukua la mwanangu nitakuta umeandika? Hakusema nzuri wala mbaya. Nikaiandika usiku ule ule.

Sasa turudi kwako. Zile sentensi mbili ulizobakisha umeziweka kwenye swali lako, na ya pili inasema baba akirudi baharini alikuwa ananawa miguu kwanza ndo anawasalimia. Leo nimeshona mchana kutwa naifikiria. Alikuwa anainawia wapi, nje kwenye jiwe au uani? Maji alimtekea nani, na nyinyi mlikuwa mmesimama wapi mnamsubiri? Mi nataka kujua kweli. Nijibu hapahapa chini kama unavyonijibu mimi peke yangu, na ukikosa neno weka nini.