Ukishaunganisha, "pamoja" ya nini?

SWALI: Mimi ni fundi kompyuta, nina kibanda Mtaa wa Rwagasore, Mwanza. Wateja wengi wanataka kuhamisha mafaili kutoka mashine moja kwenda nyingine na ruta, kile kifaa cha kugawa mtandao, hawana. Basi nimeandika ubaoni: "Tunaunganisha laptopu mbili pamoja moja kwa moja bila ruta." Mwalimu mmoja kanicheka, eti neno sahihi ni kompyuta mpakato. Ni kweli?

JIBU: Ndugu fundi, mwalimu amekamata dagaa, sangara amemwacha apite. "Mpakato" ni neno zuri, limetokana na kupakata, vile mama anavyompakata mtoto mapajani. Ukipenda litumie, ukiandika laptopu hakuna askari atakayekuja. Sangara wangu mimi ni hiyo "pamoja".

Kitazame kitenzi chenyewe. Fundi huunga waya uliokatika, mpishi huunga mboga kwa karanga. Tia -an- upate ungana: viwili vimeshikana, hiki na mwenzake. Tia -ish- upate unganisha: yupo aliyevishikanisha. Upamoja wote umo humo ndani, umeshalipiwa.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lile linalovuka Ziwa Victoria mkoani Mwanza, lifunguliwe Juni 2025, masikio yangu hayajapumzika. Redioni, kwenye daladala, hata kwa mshenga aliyetaka kunogesha hotuba: "daraja limeunganisha Kigongo na Busisi pamoja." Kilomita 3 hivi juu ya maji, watu waliokuwa wakisubiri kivuko kwa saa sasa wanavuka kwa dakika, na bado tuna wasiwasi kwamba ng'ambo hizo mbili hazijashikana sawasawa mpaka tuzikaze na "pamoja"! Nionyesheni daraja lililounganisha Kigongo na Busisi mbalimbali. Nionyesheni lililounganisha Kigongo peke yake, Busisi isiwe na habari. Nitakwenda kwa miguu kulitazama.

"Rudia tena" nilishaisamehe, uzee umenilainisha. Hii bado.

"Moja kwa moja" si kosa: waya unatoka mashine hii hadi ile, hakuna kivuko katikati. Ila tunasema pia fulani kaondoka moja kwa moja, yaani harudi, na mteja mwoga anaweza kukuuliza siku ya kuzitenganisha itakuwaje. "Bila ruta" imeshasema yote. (Zamani tulihangaika kutafuta waya maalumu, uliopishanishwa nyuzi za kutuma na za kupokea. Mashine za siku hizi zikichomekwa waya wa kawaida hujipanga zenyewe, ukazipa anwani, 192.168.0.1 huku na 192.168.0.2 kule, zikaongea. Hazijawahi kuomba "pamoja".)

Futa, uandike: "Tunaunganisha laptopu mbili kwa waya, bila ruta." Nafasi itakayobaki ubaoni weka bei.