Kinundu juu ya goti

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume, miaka 14, ana kinundu kigumu ubavuni mwa paja, juu kidogo ya goti. Tulikigundua alipoanguka mpirani. Hakimuumi, labda akijigonga. Hospitali walipiga eksirei, wakaandika "osteokondroma", wakasema turudi baada ya miezi sita. Jirani anasema uvimbe wa mfupa ni saratani tu, mguu utakatwa. Bibi yake anamkanda kila jioni. Tufanye nini?
Mama mwenye hofu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza mwombe bibi, kwa heshima zote, aache kukanda. Kinundu cha mfupa hakiyeyuki kwa maji ya moto.

Osteokondroma ni uvimbe wa mfupa usio saratani, na katika kundi hilo ndio tunaouona zaidi. Huchipuka karibu na pale mfupa unaporefukia, kama mche ubavuni mwa mgomba, ukiwa na kofia ya gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio. Hukua pamoja na mtoto, naye akikoma kurefuka, nao hukoma. Kwenye eksirei uboho wake huonekana umeungana na uboho wa paja, na daktari akiiona alama hiyo kwa kawaida hana haja ya kuchukua kinyama cha kupima. Mpira haukukileta, umekifichua tu. Hukatwa kinundu chenyewe, tena kikiwa kinabana neva au mshipa wa damu, au kinamkera. Mguu haukatwi.

Jirani naye hajazua kila kitu. Ipo osteosakoma, saratani inayowapata hasa vijana wa rika la mwanao, na mahali pake pakuu ni hapohapo karibu na goti. Ila hiyo huuma hata mtoto akiwa amelala, humwamsha usiku, na uvimbe huongezeka wiki hadi wiki. Hapa ndipo ninapokasirika: nyumbani wanasema "aliumia mpirani", miezi inaishia kwa mkandaji, na anapofika wodini saratani imeshaingia mapafuni. Akiwahi, hupewa dawa za saratani kwanza, kisha upasuaji, na wapo wanaobaki na miguu yao.

Aina nyingine nazipitia haraka. Osteoidi osteoma ni uvimbe mdogo, haufiki sentimita 2, huuma usiku lakini aspirini huutuliza (mtoto msimpe aspirini bila daktari). Uvimbe wa seli kubwa huwapata zaidi wenye miaka 20 hadi 40. Si saratani, ila hula mfupa. Na bibi mwenyewe akianza kuumwa mgongo usiku na usiku, asiseme uzee: kwa watu wazima saratani ya mfupa mara nyingi imetoka kwingine, kwenye titi, tezi dume au mapafu.

Mwanao acheze. Mkirudi, nendeni na eksirei ya kwanza ili zilinganishwe. Akianza kuumwa usiku, au kinundu kikikua ghafla, msingoje miezi sita. Ombeni rufaa ya kwenda taasisi ya mifupa MOI, Muhimbili. Na kikikua akiwa mtu mzima aliyekwisha kurefuka, arudi kupimwa hata kama hakiumi.