Nimeacha ngano, vidonge vya tezi siviachi

Juzi mdogo wangu mmoja wa Mpwapwa kaniandikia: "Dada, nimeacha ngano kama wewe, mwili umekuwa mwepesi. Sasa si niache na vidonge?" Nilimjibu palepale: asithubutu. Ila najua wapo wengi wanaowaza hivyo na hawaulizi, ndiyo maana naandika.

Nina Hashimoto. Kinga ya mwili inaigeukia tezi ya shingoni na kuishambulia mpaka inashindwa kutengeneza homoni ya kutosha. Jina ni la daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1912. Kabla sijapimwa nilikuwa navaa sweta saa saba mchana, jua la Dodoma likiwaka. Nywele zinabaki kwenye kitana, uso umevimba. Ukweni wakasema nina mimba naificha. Mimba haikuonekana, wakasema mvivu. Nililisikia neno hilo nimekaa juu ya ndoo jikoni, sufuria ya wali imenishinda kuiepua, na mpaka leo linaniuma.

Vipimo vikasema: TSH, homoni ya kichwani inayoiamrisha tezi ifanye kazi, iko juu, na kingamwili za tezi juu. Nikaanzishiwa levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, na hiyo ndiyo iliyoninyanyua.

Ngano ilikuja baadaye. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Wenye Hashimoto hupata siliaki, ugonjwa wa kinga ya mwili unaochochewa na gluteni, zaidi kuliko watu wengine, na kwa mwenye siliaki gluteni huharibu utumbo mwembamba, hata dawa ya tezi isinyonywe vizuri. Mimi nilipimwa nikakutwa nayo, kwa hiyo chapati nimeiaga maisha. Wewe usiye na siliaki, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kuacha ngano kutaituliza tezi yako. Na jamani, pimeni kabla ya kuacha! Ukishaacha ngano muda mrefu, kipimo kinaweza kusema huna wakati unayo.

Kula hapa kwetu si kazi. Wapo wanaoagiza unga wa bei kali kutoka nje wakati mtama umejaa soko la Majengo. Mtama, mahindi, mchele, muhogo, vyote havina gluteni. Ugali wa mtama na mlenda wa karanga, utataka nini tena? Uwele nao hauna, ila nakula mara mojamoja, maana ukiliwa kwa wingi kila siku, hasa penye upungufu wa madini joto, unaweza kuchangia rovu.

Kazi iko mashineni. Siku moja nimepeleka debe langu la mtama, nikamkuta aliyenitangulia anasagiwa ngano, unga wake umeganda mdomoni mwa mashine, na wangu ndio unafuata. Niliondoka na debe langu kichwani, watu wananicheka. Waache wacheke. Sasa nasaga kwa mzee asiyepokea ngano kabisa. Unga wa lishe nao uulizieni, mara nyingi una ngano ndani, na soya pia, ambayo huzuia dawa ya tezi isinyonywe vizuri.

Vidonge ni alfajiri, tumbo tupu, kwa maji, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu viwe mbali navyo kwa muda wa saa nne. Na utumbo ukipona, dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa. Hilo aamue daktari akishaona TSH. Yangu sasa iko ndani ya kiwango, na sufuria naepua mwenyewe.

Na ninyi mnaoishi na mgonjwa wa namna hii, acheni kumwita mvivu, mpelekeni akapimwe. Akishaambiwa ana siliaki, kikaango cha chapati kisuguliwe vizuri kabla ya kumkaangia yai, na kwenye misiba msimlazimishe andazi. Mchemshieni viazi vitamu.