Gari linakula betri: kwa wadogo zangu mnaoanza umeme wa magari

Wadogo zangu, wiki hii nilisimama pembeni nikimwangalia mmoja wenu (jina silitaji, anajijua) akipima gari linaloshusha chaji usiku. Akaweka mita kati ya nguzo ya betri na kichwa cha hasi, waya mwekundu kwenye tundu la 10A. Safi. Halafu akamgeukia mwenye gari: "Bosi, hebu piga stata kidogo tuone." Stata ya gari dogo inavuta zaidi ya ampea 100. Fyuzi ya ndani ya mita ikaondoka bila kuaga, mita ikabaki inasoma sifuri, na dogo akatangaza kwa sauti kwamba gari halili kitu. Nikamnyang'anya mita, nikaiunganisha na taa ya testa: sifuri. Nikawasha taa kubwa za gari: sifuri. Hata hapo bado alikuwa anabisha.

Haya makosa ni ya zamani kuliko baadhi yenu. Wengine mnarudia niliyoyafanya mimi, wengine mnarudia ya walionifundisha. Naandika mara moja ili nisiendelee kufoka gereji nzima ikisikia.

1. Anza na betri yenyewe. Ichaji ijae, iache ipumzike, isome karibu volti 12.6. Kama gari limetoka barabarani sasa hivi, washa taa kubwa dakika moja au mbili kwanza, maana volti za juu juu zinadanganya. Kisha toa kichwa cha hasi, betri ilale bila kuunganishwa na kitu. Ikiamka iko 12.1, gari halina kosa, betri ndiyo imezeeka. Na angalieni mgongo wa betri: tindikali na vumbi la barabarani vikichanganyika, umeme unatambaa juu ya plastiki kutoka kichwa hadi kichwa. Gusisha sindano moja ya mita kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye plastiki. Ukiona volti, osha kwa maji ya magadi kabla hujaanza kumtisha mteja na bei za betri mpya.

Hesabu nayo iwe kichwani. Corolla 110, Carina, Mark II, magari ya umri huo, yakilala yanakula miliampea 20 hadi 50 kwa ajili ya saa ya dashibodi, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini na alamu. Miliampea 50 kwa siku ni ampea-saa 1.2 tu, na betri ya NS60 ya ampea-saa 45 inavumilia hiyo kwa wiki kadhaa. Ila ukisoma nusu ampea, hiyo ni 12 kwa siku. Siku mbili, nusu ya betri imekwenda, na betri ya umri ikifika nusu stata inalia tik-tik. Mteja akikwambia gari limekaa mwezi mzima uani wakati alikuwa kijijini, na mita inasoma miliampea 40, mwambie ukweli kwamba gari ni zima. Msimtafutie ugonjwa.

2. Mita iingie kabla kichwa hakijatoka. Klipu moja kwenye nguzo ya betri, nyingine kwenye waya wa hasi, ndipo uteleze kichwa taratibu bila umeme kukatika. Ukikata kwanza, rilei (ile swichi inayowashwa kwa umeme) iliyokuwa imenata inaachia, ugonjwa unajificha, na mita inakuonyesha gari zima kabisa. Mteja analala salama usiku mmoja, kesho kutwa rilei inanata tena na anakupigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Ukishahisi rilei, pitisha kidole juu yao zote. Iliyo ya moto wakati gari limezimwa, ndiyo hiyo.

3. Gari lilale kweli. Mlango ukiwa wazi, lisukume komeo lake kwa bisibisi mpaka lijifunge, au kama swichi yake ni kitufe kwenye fremu ya mlango kibane, gari liamini mlango umefungwa. Fanya hivyo kwa buti, na kwa boneti kama kuna alamu. Ufunguo usiwe kwenye swichi. Magari ya zamani yanalala ndani ya dakika chache; haya mapya yenye kompyuta kila kona subiri nusu saa, mengine zaidi. Najua hamna subira. Yupo aliyechomoa fyuzi ya DOME, mita ikashuka, akaruka juu kwamba redio ndiyo inakula. Kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo inabeba redio, ndiyo, lakini inabeba na taa ya dari, na taa ya dari ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake kwa sababu alikuwa ameinama mlangoni kufikia kisanduku cha fyuzi.

4. Fyuzi msizichomoe ovyo. Weka mita kwenye milivolti, gusa vile vidoti viwili vya chuma mgongoni mwa fyuzi, na yenye umeme unaopita itaonyesha namba ndogo huku nyingine zikibaki sifuri.

5. Alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Hapa mnivumilie, nitakaa.

Mteja alikuwa mwalimu mstaafu mwenye Mark II GX100 nyeupe, aliyoitunza mpaka kadi ya huduma ya Kijapani bado ipo kwenye droo. Shida yake: akiegesha Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi ya kwenda kanisani haliwaki. Betri mpya. Nikapima inavyochaji injini ikiwa inaunguruma: volti 14.2. Moyoni nikaifuta alteneta kwenye orodha, na hiyo ndiyo dhambi yenyewe. Nilijiambia inachaji, basi ni nzima.

Gari likalala, mita ikasoma ampea 1.1. Nikachomoa fyuzi za ndani zote. 1.1. Nikaenda za chini ya boneti, zote zinazochomoka kwa koleo. 1.1. Fundi mwenye akili angejiuliza ni umeme gani haupiti kwenye fyuzi alizozichomoa. Mimi nikajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza: nikasema kuna waya umechubuka nyuma ya dashibodi na unagusa bodi.

Nikaishusha dashibodi. Yote. Mnajua klipu za plastiki za gari lililopigwa na jua la Dar miaka mingi zinavyokuwa: ukizigusa zinavunjika, usipozigusa zinavunjika pia. Siku ya kwanza niliziweka kwenye kopo. Siku zilizofuata niliacha kuzihesabu. Nikafungua utepe wa mafungu ya nyaya yaliyofungwa kiwandani Japani, kazi safi kuliko yoyote nitakayowahi kufanya, nikayafuata waya kwa waya. Mwalimu alikuwa anakuja jioni kwa daladala, anakaa juu ya tairi, anafungua gazeti. Haulizi kitu. Afadhali angeuliza.

Na kibaya zaidi, nilikuwa nimeshaambiwa. Kijana anayemwoshea Mwalimu gari alfajiri alikuja nalo siku ya kwanza, akaniambia, "Fundi, kile chuma cha pembeni ya injini asubuhi kina uvuguvugu." Nikacheka. Nikamwambia injini ni kitu cha moto, mdogo wangu, ndivyo zilivyo. Gari lililolala usiku kucha! Nilikuwa na mita, kitabu cha michoro na miaka kadhaa ya benchi, yeye ana ndoo na kitambaa, na yeye ndiye aliyekuwa na jibu.

Ikamalizika hivi. Mzee mmoja fundi wa gereji ya jirani alikuja kuazima spana, akaona dashibodi imelala juu ya kiti cha nyuma, akauliza, "Waya wa alteneta umetoa?" Nikamjibu inachaji 14.2. Hakubishana. Akatoa betri, akafungua nati ya ule waya mnene nyuma ya alteneta, akaufunga utepe ncha isiguse bodi, akarudisha mita. 0.03. Akachukua spana aliyoifuata akaondoka zake.

Alteneta ina diodi, sita au zaidi, kazi yake kuruhusu umeme utoke kwenda kwenye betri na kuuzuia usirudi. Moja ikianza kuvuja, injini ikizimwa betri inajimwaga taratibu kupitia mlango huo, na koili zinapata joto usiku kucha. Lakini injini ikiwaka, zile nyingine bado zinasukuma, na mita yako inakuonyesha 14 na kitu. Njia yake haipiti kwenye fyuzi ndogo; inapita kwenye ile kubwa ya ALT iliyofungwa kwa skrubu, ambayo koleo haliitoi. Kwa hiyo fyuzi zote zikitoka na namba isishuke, hiyo ndiyo taarifa yenyewe: nenda alteneta. Kipimo kingine, injini ikiwaka na taa zimewashwa, geuza mita kwenye volti za AC uguse betri. Ukikuta nusu volti au zaidi, diodi zina shida.

Nikaenda Gerezani, ule mtaa wa Dar, kutafuta sahani ya diodi, nikaifunga, nikarudisha dashibodi kwa klipu zilizosalia. Mwalimu nikamwambia halipi ufundi. Akalipa sahani ya diodi, akawasha gari, akasikiliza dashibodi inavyogongagonga kwenye tuta la kwanza, akashusha kioo: "Kijana, jino lilikuwa linauma, umeng'oa taya."

Kwa hiyo nikiwauliza "waya wa alteneta umetoa?" kabla hata sijasalimia, msinune.

6. Vitu vya kuongezwa. Gari la Japani lilikuja na redio ya FM inayoanzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu zinaenda hadi 108, hivyo wengi wamefungiwa kile kidude cha kupanua masafa, na aliyekifunga alichukua moto wa kudumu, yaani umeme usiokatika hata ufunguo ukitoka, kwa sababu ndio waya uliokuwa karibu. Kinakula usiku na mchana. Kidude cha ETC cha kulipia barabara za Japani nacho kipo chini ya dashibodi kikisubiri geti ambalo halitakuja. Ongeza amplifaya ya kijana wa mwenye gari na alamu iliyofungwa juu ya alamu. Fuateni nyaya zisizofanana rangi na nyenzake, zilizofungwa utepe wa nyumbani. Kwenye gari la zamani, mara nyingi mtakuwa mmemaliza kazi kabla ya chai.

7. Mpira mdogo unaogusa swichi ya breki ukisagika, taa za breki zinawaka zenyewe usiku kucha, kwa hiyo zunguka nyuma ya gari kabla hujafungua boksi la vifaa. Taa ya buti, weka simu ndani ikirekodi video, funga, fungua, tazama. Balbu ya wati 5 inavuta ampea 0.4, msiidharau.

8. Mkikuta kifaa cha kufuatilia gari kimefichwa na ndicho kinachokula, msikikate. Gari linaweza kuwa na mkopo, na aliyekopesha atajua dakika hiyo hiyo kwamba kifaa kimezimika, atatuma watu, na watu hao watakuta gari liko kwetu. Mpigieni mwenye gari kwanza, mwambieni namba mliyoisoma, aongee na waliokifunga waje wenyewe. Namba hiyo iandikeni na kwenye utepe wa karatasi juu ya betri, pamoja na tarehe, ili atakayelipima tena asianze upya.